Keshi Imejaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kezia alifagia mbele ya duka la mama yake, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akaingia ndani kuipiga kompyuta.

Ndiyo, kuipiga. Kompyuta ile ilikuwa ya chogo, nzee kiasi kwamba ukiiwasha feni yake ilikohoa kama mvuta kiko. Ulibonyeza kitufe, ukasubiri, ukaipiga kofi la ubavuni, ukasubiri tena, ukaipiga la pili. Hapo ndipo ilipokubali kuamka. Mama yake Kezia, Bi Generosa, alikuwa na kofi zito kuliko wote. Siku aliyokuwa na hasira, kofi lake lilisikika mpaka Manyovu, na madereva wa malori kule mpakani wakashuka kukagua matairi. Asiyeamini akawaulize.

Duka lenyewe lilikuwa la steshenari, karibu na stendi ya Kasulu. Watu walikuja kutoa kopi, kuprinti barua na kujaza maombi ya vyuo mtandaoni. Chini ya meza ya kompyuta palikaa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ndani yake mlikuwa na akiba ya kikundi cha akina mama wa sokoni, na kila kufuli ufunguo wake ulishikwa na mama tofauti. Wiki iliyofuata wangegawana. Tayari kila mmoja alikuwa ameshanunua mabati, mbuzi au cherehani kichwani mwake.

Kezia alikuwa darasa la sita, na mkono aliurithi. Jumatatu ya wiki hiyo alimtandika ngumi mwenzake Gasper kwenye bomba la shule mpaka jino likang'oka. Mwalimu akamwita.

"Kezia, umempigia nini mwenzako?"

"Alikuwa ananitazama vibaya, mwalimu."

"Ulimuuliza anatazama nini?"

"Nilimuuliza."

"Lini?"

"Nilipomaliza kumpiga."

Kumbe Gasper alikuwa anatazama nyuki aliyetua kwenye kola ya Kezia, na alikuwa anatafuta namna ya kumwambia asishtuke. Kezia alifyeka majani uwanja mzima kama adhabu. Majani aliyaelewa vizuri. Adhabu hakuielewa.

Alhamisi Bi Generosa alipata habari za msiba Kibondo. Siku hiyo hiyo kompyuta ikazidi kugoma. Ukurasa mmoja wa mtandao ulifunguka polepole hata mteja angeweza kwenda nyumbani, akapika maharage yakaiva, akarudi na kukuta picha ya juu tu ndiyo imetokea. Bi Generosa aliipiga kushoto, akaipiga kulia, akaipiga kwa kandambili. Mwisho akamwita Elie.

Elie alikuwa kijana wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Alisomea kompyuta kambini, kwa mwalimu aliyefundisha kwa Kiingereza, na alikuwa na kibali cha kutoka kambini kuja kufanya kazi mjini. Alikuwa mpole. Alipofika aliiinamia mashine, akaipapasa mahali ilipobonyea, akauliza, "Mama, nani anaipigaka hivi?"

"Usijali. Itengeneze tu," Bi Generosa alijibu, akamwachia duka, akawahi basi.

Saa ya chakula cha mchana Kezia alirudi kutoka shule. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya Elie ndani. Alikuwa anaongea na simu.

"Ndiyo, ndiyo. Keshi imejaa. Iko mingi sana. Miaka yote hakuna mtu aliyeigusa." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Hapana, usiogope. Ninaitoa yote leo, haitabaki hata kidogo."

Kezia alibaki na mguu mmoja hewani. Keshi? Keshi aliyoijua yeye ilikuwa moja, ile ambayo wauzaji wa sokoni hukwambia ulete mkononi kama hutaki kukopeshwa. Na dukani humo keshi ilikuwa sehemu moja tu, chini ya meza.

Mtu mwingine angeingia akauliza. Ilikuwa hatua chache tu. Kezia aligeuka akakimbia.

Alikimbilia kijiwe cha bodaboda, kwa Longinus. Longinus alikuwa kiongozi wa madereva pale, mtu wa mabega mapana, na mkewe, Ndayikeza, alikuwa mmoja wa wale mama watatu wenye funguo.

"Mjomba, Elie yuko dukani anatoa keshi yote. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Elie yupi? Yule wa kambini?"

"Yule yule. Amesema haitabaki hata kidogo."

Longinus alichomoa mnyororo wa zamani uliokuwa chini ya kiti cha pikipiki yake, akauviringisha mkononi.

Habari ile ilikwenda sokoni kwa miguu yake yenyewe. Ilipofika kwa wauza dagaa, mwizi alikuwa mmoja. Ilipofika kwenye nyanya walikuwa wanne. Ilipofika kwenye mitumba walikuwa jeshi zima lenye bunduki, limevuka mpaka usiku kucha, na mama mmoja akazimia japo hakuwa hata mwanachama wa kikundi. Watu wakabeba walichokuwa nacho: michi ya vinu, mawe ya mizani, vipini vya majembe.

Elie alisikia kelele akatoka, kitambaa kimoja mkononi na brashi ndogo ya kufutia vumbi.

"Keshi iko wapi?" Longinus aliuliza.

Maskini, Elie alifurahi. Ni mara chache sana watu huulizia mambo hayo. "Keshi? Nimeshaifuta, kaka. Yote. Ilikuwa mingi, hata mimi nilishangaa."

Kofi la kwanza lilimzungusha akaona mlima uliokuwa nyuma yake.

"Umeifuta? Umeipeleka wapi?"

"Haiendi mahali, kaka. Inapotea tu."

Hapo hawakusubiri tena. Ngumi ilimpata mdomoni, teke likamkunja tumbo, mchi ukamshukia begani. Mkoba wake ukapasuliwa: zikadondoka bisibisi, flashi na mkate uliofungwa kwenye gazeti. Kibali chake kikakanyagwa kwenye tope. Damu ilimtiririka kutoka juu ya jicho ikaingia kwenye kola ya shati. Hakukimbia. Alijikunja chini akiwa amefunika kichwa, akawa anasema sentensi moja tu, "Niulizeni, nitawaonyesha. Niulizeni, nitawaonyesha."

Longinus aliruka ndani ya duka kutafuta ushahidi, na kabla hajainama kutazama chini ya meza, ushahidi akaukuta. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maandishi ya Kiswahili. Akayasoma kwa sauti ya kuhubiri, mpaka waliokuwa nje wakasikia.

"'Futa data. Picha na faili zilizowekwa kwenye akiba.'" Akatoka nje mishipa imemsimama. "Akiba, jamani. Imeandikwa pale. Amefuta akiba."

Umati ukanguruma. Na nyuma kabisa mtu mmoja akaagiza petroli, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai.

Kezia alilisikia neno hilo. Alikuwa amebanwa ukutani na watu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ngumi zilizokuwa zinapigwa mbele yake hazikumpa raha yoyote. Kando yake alikuwa Bi Rabia, muuguzi wa hospitali, mwenyeji wa Pangani, aliyekuja kuprinti. Bi Rabia alikuwa amejaribu kuwazuia watu wakamsukuma hadi khanga yake ikachanika.

"Wewe mtoto," alimwambia Kezia huku akihema, "ndiye uliyeleta habari. Umeona pesa zikitoka?"

"Nimesikia."

"Sijakuuliza umesikia nini. Umeona?"

Kezia akateleza chini ya kwapa za watu akaingia dukani, akapiga magoti chini ya meza.

Sanduku lilikuwa pale pale. Kufuli zote tatu zilikuwa zimefungwa. Kutoka kwenye kufuli ya katikati mpaka kwenye mguu wa meza, buibui alikuwa ametandaza utando wake, haujakatika hata uzi.

Nje, mtu wa petroli alishajibiwa kwamba kidumu kinakuja.

Sanduku lile wanaume wawili hulibeba kwa kupokezana. Kezia alilivuta peke yake. Jinsi alivyolivuta mpaka leo hakuna anayeweza kueleza, na sakafu ya duka bado ina mfereji ambamo mvua ikinyesha bata huogelea. Alilisukuma kwa bega, akalisukuma kwa mgongo, akalitoa mlangoni mpaka kwenye duara la watu pale Elie alipokuwa amelala. Longinus alikuwa ameinua mnyororo.

"Mjomba, tazama," Kezia alisema, lakini mnyororo ukishashuka hautazami. Aliinua mkono wa kulia kumkinga Elie. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Wote waliusikia mlio ule. Longinus akauachia mnyororo kana kwamba umemuunguza.

Kezia alianguka juu ya sanduku, uso umekuwa wa kijivu. "Sikuuliza," alisema. "Mimi ndiye niliyesema anaiba, na sikumuuliza. Kufuli hizi hapa."

Ndayikeza, mke wa Longinus, alipenya katikati akachuchumaa. Akazishika kufuli moja moja, akauona utando wa buibui umening'inia, akalitikisa sanduku. Zito vilevile. Akamtazama mumewe.

"Yewe, baba watoto," alisema polepole. "Ulitaka kumwua nani?"

Michi ikaanza kufichwa nyuma ya migongo. Watu wakakumbuka nyanya zao, wakakumbuka dagaa wao. Yule wa petroli hakuonekana tena, na mpaka leo ukiuliza Kasulu nzima alikuwa nani, kila mtu atakwambia siku hiyo yeye alikuwa shambani.

Bi Generosa alirudi na basi la jioni, akapitiliza hospitali. Aliwakuta kwenye benchi moja: Elie ameshonwa juu ya jicho na bega limefungwa bandeji, Kezia mkono umewekwa hogo la plasta kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Longinus alikuwa ametoka kuhojiwa polisi na alitakiwa kurudi kesho yake. Alisimama mlangoni kofia mkononi, asijue aingie au atoke.

"Lakini Elie, mwanangu," Bi Generosa alisema, "keshi gani hiyo? Hata mimi uliponiambia kwenye simu niliitikia tu. Sikuelewa."

"Alikuwa anaongea na wewe?" Kezia aliuliza.

"Na mimi, ndiyo. Ulidhani na nani?"

Kezia aliinamisha kichwa. Elie alijaribu kutabasamu, mdomo ukamuuma. "Mama, ukifungua ukurasa wa mtandao, kompyuta inajiwekea vipande vyake: picha, maandishi. Kesho ukifungua tena, haihangaiki kuvileta kutoka mbali. Hiyo stoo yake ndiyo inaitwa keshi. Wengine wameandika akiba. Sasa mashini yenu ni mzee, tumbo lake ni dogo, na hamjawahi kuifuta. Haikuwa na kiburi. Ilikuwa imeshiba takataka."

"Na sisi tunaipiga," alisema Bi Generosa.

"Mnaipigaka sana."

Longinus akapata sauti. "Kaka Elie, mimi nisamehe. Nilisikia keshi, nikasoma akiba..."

"Kaka," Elie alisema bila kumtazama, "ungeniuliza hata kwa matusi, ningekujibu. Shati hili lilikuwa jeupe." Akafumba jicho lake zima. "Kukusamehe, acha kwanza kichwa kipoe."

Bi Rabia alikuwa anaviringisha bandeji zilizobaki. Alizungumza bila kupaza sauti, kama alivyozungumza na wagonjwa wake.

"Kezia, neno ulilolisikia lilikuwa na maana mbili, wewe ulikuwa unaijua moja. Hilo si kosa, hata sisi wakubwa hatukulijua. Kosa lako ni kulibeba mbio kabla ya kuuliza. Umelibeba likiwa neno, likafika sokoni likiwa silaha. Na wewe Longinus una watoto. Mtu akipelekwa polisi kwa makosa, kesho anaachiwa. Akipigwa mpaka akafa kwa makosa, kesho utamwachia nani?"

Longinus alitazama sakafu. Kezia alilia, na si kwa sababu ya mkono.

Elie alirudi dukani bega lilipopona. Wanachama wa kikundi walimnunulia shati jipya, na Longinus, ambaye kesi yake ilikuwa bado inaendelea, alimleta kutoka kambini kwa pikipiki siku hiyo na siku zote zilizofuata, bila kuombwa. Elie alimfundisha Kezia kuishika mausi kwa mkono wa kushoto: fungua mipangilio, tafuta pa kufutia data, weka alama kwenye akiba peke yake. "Pale kwenye nywila usiguse," alimwonya, "la sivyo wateja watanipiga tena."

Gasper pia alipata haki yake. Kezia alimfuata kwenye bomba mbele ya wenzao wote, akamwomba radhi, na Gasper akaikubali radhi kwa sharti kwamba asimame mbali kidogo.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na kompyuta ikachelewa kuamka. Bi Generosa, kwa mazoea ya miaka mingi, akainua kofi. Kezia akaudaka mkono wa mama yake hewani kwa vidole vilivyochungulia kwenye hogo.

"Mama, tuiulize kwanza."

Bi Generosa aliutazama mkono wake mwenyewe, akautazama wa mwanawe.

"Haya," alisema, akavuta kiti akaketi. "Kuanzia leo katika nyumba hii, cha kwanza ni kuuliza. Iulize."

Kezia akabonyeza kitufe. Feni ikakohoa, na wote wawili wakasubiri.