Baiskeli Iliyolia Ikipandwa

Kila asubuhi Chiriku alitoa baiskeli yake kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi cherehani, akaminya matairi kwa kidole gumba, kisha akashika njia ya shule. Zamani safari hiyo ilikuwa fupi. Rafiki yake Unyoya, msichana mrefu, mwembamba, alimngoja kwenye kona ya duka la viatu, akadandia nyuma, wakapiga soga hadi getini. Sasa kona ilikuwa tupu. Aliyezungumza naye njia nzima ni baiskeli peke yake: kwii, kwii, kwii.

Kelele hiyo ndiyo iliyowagombanisha. Jumamosi Unyoya aliazima baiskeli ampelekee bibi yake dawa, akairudisha jioni imeoshwa hadi spoki zinang'aa. Jumatatu ikaanza kulia. Chiriku hakuuliza. Mbele ya darasa zima alifoka, "Umeiharibu, halafu ukaiosha nisijue! Mharibifu mkubwa wewe!"

Unyoya aliinuka. Akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Tangu siku hiyo Chiriku alikaa peke yake, akala peke yake. Wenzake hawakukosa la kusema. "Siku hizi Chiriku haongei," walicheka. "Baiskeli ndiyo inamsemea!"

Akaazimia kuitafuta hiyo kelele. Alitaka aipate sehemu iliyovunjika, awaonyeshe wote kwamba hakusema uongo. Aliipindua baiskeli kichwa chini miguu juu, akazungusha pedali. Kimya. Akatia mafuta kwenye mnyororo, akakaza madigadi. Akaipanda: kwii! Akaipindua tena: kimya.

"Wewe mtoto, unaigeuzageuza hiyo baiskeli kama chapati," shangazi alisema kutoka kwenye cherehani yake.

"Inanidhihaki, shangazi. Nikishuka tu, inanyamaza."

Shangazi aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Hata hii ikiwa na hitilafu, haisemi mpaka niiwekee kitambaa kizito. Kinacholalamika kikibebeshwa, kichunguze kikiwa kimebeba. Panda, nitasikiliza."

"Kwa nini usipande wewe, mimi nisikilize?"

"Nikikaa mimi hapo na uzito huu, tutatafuta baiskeli, si kelele."

Chiriku akacheka. Kicheko chake mwenyewe kilimshtua, maana hakuwa amekisikia siku nyingi.

Aliendesha taratibu uchochoroni huku shangazi akitembea kando, ameinamisha sikio. "Inuka kwenye kiti, uendeshe umesimama," shangazi aliamuru. Kelele ikakoma. "Kaa." Kwii! Shangazi alimshusha, akaingiza mkono chini ya kiti. Nati iliyoshikilia kiti ilizunguka kwa vidole vyake viwili, bila hata spana.

"Nani alikigusa kiti hiki mara ya mwisho?"

Chiriku alikuwa karibu kumtaja Unyoya. Jina lilifika ulimini, likakwama. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiinua kiti Jumamosi ile, kwa kuwa miguu ya Unyoya ni mirefu. Na Jumapili, yeye mwenyewe ndiye aliyekishusha. Aliona uvivu kuitafuta spana, akakaza nati kwa vidole, akasema potelea mbali.

"Mimi," alinong'ona.

Spana ilimaliza kazi upesi. Chiriku alizunguka uchochoro wote bila kusikia mlio wowote, akarudi machozi yakimlengalenga. Sasa hata baiskeli haikuwa na la kumwambia.

"Umepata ulichokitafuta. Mbona unalia?"

"Nilimwita mharibifu, shangazi."

"Ulimwitia wapi?"

"Darasani. Mbele ya wote."

"Basi unajua pa kwenda kulifuta neno hilo."

Asubuhi, kabla mwalimu hajaingia, Chiriku alisimama mbele ya darasa. "Unyoya hakuharibu kitu," alisema. "Nati niliilegeza mimi, sikuikaza vizuri. Nilimsingizia."

"Kumbe mharibifu ni wewe!" mmoja alipayuka, na darasa likaangua kicheko. Chiriku hakukaa. Alimtazama Unyoya mpaka kicheko kikaisha.

"Niliiosha kwa sababu niliipitisha kwenye matope," Unyoya alisema polepole. "Nilitaka uipokee safi. Basi."

"Naelewa. Nisamehe."

Unyoya akainamia daftari lake. Siku ile Chiriku alikaa peke yake tena. Lakini baada ya masomo alimkuta Unyoya amesimama karibu na baiskeli.

"Nimekusamehe," Unyoya alisema. "Ila bado inaniuma."

"Najua."

"Na leo sitaki kupanda."

"Basi tutembee."

Wakaikokota katikati yao hadi kibandani, wakizungumza kidogo kidogo. Shangazi alipowaona aliacha kushona, akawavutia benchi.

"Kelele uliisikia kweli, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Kosa lako ni kwamba ulishakuwa na jibu kabla hujatafuta. Mtu akiharibikiwa na kitu, achunguze kwanza, na aanze na mikono yake mwenyewe, kabla ya kumnyooshea mwenzake kidole. Nati hukazwa mara moja ikatulia. Moyo wa rafiki hutaka uvumilivu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, bado amesimama. Unyoya, aliyekuwa ameshaketi, alimtazama kidogo, kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.