Kijiwe Kwenye Kongosho

Tusajigwe alikuwa akipika wali kwenye kibanda chake pale Igawa, kando ya barabara kuu. Madereva wa malori waliusifu. Yeye mwenyewe aliogopa kula. Kila akila, maumivu yalianza juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni. Alikaa ameinama mpaka yapungue. Mwaka mzima alimeza dawa za vidonda vya tumbo. Hazikumsaidia, na nguo zake zote zikaanza kumpwaya.

Mumewe, Sedekia, alimpeleka hospitali Mbeya. Walimpima damu, wakampiga picha ya tumbo. Daktari akasema ana ugonjwa sugu wa kongosho. Akamuuliza kama anakunywa pombe. Tusajigwe akajibu kwamba hajawahi hata kuionja. Daktari akawaandikia barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam.

Walipofika nyumbani, Sedekia alianza kunusa vikombe. Akawa anamuuliza mkewe anapitia wapi akishafunga kibanda. Tusajigwe alielewa kwamba anashukiwa kunywa pombe. Aliificha barua chini ya godoro, akaacha kulalamika. Maumivu yakija, alitoka nje.

Bi Mwanakhamisi, jirani yao, ndiye aliyemkuta nyuma ya nyumba ameshika tumbo, jasho likimtoka. Mama huyu alikuwa nesi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alimsaidia kuingia ndani, akamwita Sedekia. Alipoambiwa kuhusu barua ya rufaa, aliomba kuiona, na Tusajigwe akaitoa chini ya godoro.

Bi Mwanakhamisi aliisoma, kisha akawaeleza taratibu. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kinatengeneza maji ya kusaga chakula, na maji hayo hupita kwenye mrija mwembamba kwenda kwenye utumbo. Picha ilionyesha kijiwe kimeziba mrija huo. Maji yalikosa njia, ndiyo maana aliumia hivyo.

"Na pombe je?" Sedekia aliuliza.

"Pombe inawaletea wengi ugonjwa huu, na sigara pia," alisema Bi Mwanakhamisi. "Lakini wapo wanaoupata bila kuonja hata tone. Mkeo amekwambia hanywi. Kwa nini humwamini?"

Tusajigwe alisema anaogopa kupasuliwa. Bi Mwanakhamisi akamweleza kuhusu endoskopi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, hadi pale mrija wa kongosho unapofungukia. Hapo anaweza kutoa kijiwe, na kuacha kamrija kadogo ka plastiki ili maji yapite. Hakuwaficha kwamba matatizo huweza kutokea, na kwamba kwa wengine maumivu hurudi, wakahitaji upasuaji.

"Waulize madaktari kila unachotaka kujua," alisema. "Ila usikae na maumivu ndani."

Wiki iliyofuata walisafiri. Madaktari wa Dar es Salaam walipima tena, wakakubali kwamba endoskopi ingemfaa. Kijiwe kilitolewa, kamrija kakawekwa. Tusajigwe aliamka koo likimkereketa kidogo. Siku ya tatu alikunywa uji, akasubiri maumivu. Hayakuja. Akanywa tena.

Alipewa vidonge vya kusaidia kusaga chakula, vya kumeza kila anapokula, na tarehe ya kurudi kubadilishiwa kamrija, kwa sababu kakikaa sana huziba. Baada ya miezi mitatu alikuwa ameongezeka kilo nne. Siku moja moja tumbo lilimuuma, lakini si kama zamani. Tarehe ilipofika, Sedekia alifuatana naye.

Wakati wa kurudi, basi lilisimama Ruaha Mbuyuni. Wauza vitunguu walisogea madirishani. Sedekia alimgeukia mkewe.

"Mke wangu, nisamehe," alisema. "Ulikuwa unaumwa, mimi nikawa nakuchunguza."

"Niliumia kimya kwa sababu yako," alisema Tusajigwe. "Siku nyingine nikikwambia kitu, nisikilize."

"Nitakusikiliza."

Tusajigwe akafungua dirisha, akachagua mfuko wa vitunguu vizuri vya kumpelekea Bi Mwanakhamisi. Sedekia akaupokea, akaupakata hadi Igawa.