Skafu Haina Miguu

Kasuku alikosa mambo mengi. Hakuwa na baba, aliyefariki kabla yeye hajajua kutembea. Hakuwa na mama wa kukaa naye, kwa maana mama yake alikuwa mpishi katika kambi ya wachimba mawe, mbali sana, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Hakuwa na viatu vya kanisani isipokuwa vilevile vya shule. Hakuwa na kitanda cha peke yake. Alilala na Dada Mrefu, msaidizi wa shangazi yake, ambaye miguu yake ilipita mwisho wa godoro. Hakuwa na sauti ya kuimba, na mwalimu wa kwaya alikuwa amemweleza jambo hilo kwa upole, mara mbili.

Alichojaliwa ni kichwa cha kushika maneno. Sura ya Biblia aliyoisoma jioni, asubuhi aliitoa kinywani nzimanzima kama mtu anayekunjua shuka. Ndiyo sababu wenzake wa shule ya Jumapili walimwita Kasuku, naye, badala ya kuchukia, akalivaa jina hilo kama nishani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa dobi. Kamba za kuanikia zilivuka ua wake kutoka ukuta hadi ukuta, na chumba cha pasi kilinuka sabuni na mvuke kutwa nzima. Kazi ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: nguo nyeupe hulowekwa peke yake. "Lila na fila havitangamani," shangazi alizoea kusema, akitenganisha soksi za watu.

Ijumaa moja yaliletwa majoho ya kwaya, meupe yote. Dada Mrefu aliyaloweka jioni katika beseni kubwa, akatia sabuni, akaingia jikoni. Kasuku alikuwa na skafu mpya nyekundu aliyotumiwa na mama yake, nayo ilikuwa imedondokewa na mchuzi. Alitaka kuivaa Jumapili. Aliona uvivu kuchota maji mengine kwa ajili ya kitambaa kidogo namna ile. Akaangalia huku na huku, akaichomeka katikati ya majoho.

Alfajiri maji yalikuwa yamegeuka rangi ya juisi ya tikiti. Kasuku aliichomoa skafu, akaikamua, akaificha nyuma ya nyumba chini ya gunia. Aliporudi, shangazi alikuwa tayari amesimama mbele ya beseni, na joho moja linaning'inia mkononi mwake.

"Nani ameweka nini humu?"

"Mimi niliweka majoho na sabuni tu, mama," Dada Mrefu alisema.

"Sabuni yako ni nyekundu?"

"Sijui, mama. Niliyaacha meupe."

"Basi usiku walikuja malaika wakayapaka rangi."

Kasuku alikuwa ameinama akipanga vibanio vya nguo kwenye kopo. Hakuulizwa, hakujibu. Alivipanga vibanio vile kwa uangalifu mkubwa kuliko siku yoyote.

Dawa ya kung'arisha iliyasaidia majoho, lakini si yote. Jumapili ile kwaya iliimba ikiwa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Muuza nyama, ambaye aliimba besi, alisema yeye hana neno, joho lake sasa limefanana na kazi yake. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Mwalimu wa kwaya alimwambia mbele ya waumini kwamba safari ijayo watatafuta dobi mwingine, na habari ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Kufika Jumatatu, mteja wa hoteli naye akauliza kama mashuka yake yako salama. Siku hiyo hiyo shangazi alimwambia Dada Mrefu afungashe.

Dada Mrefu alilia kidogo mlangoni, akajifuta kwa kiwiko. Alipopita uani alimshika Kasuku begani. "Haya, mdogo wangu. Mashuka uyakung'ute kwanza ndipo uyaanike, usije ukapata taabu kwenye pasi." Kisha akaenda kupanda basi la kwao, kwa mama yake.

Sasa Kasuku alikuwa na kitanda kizima. Alijinyoosha, akajikunja, akageukia ukuta, na usingizi haukuja. Alijitetea moyoni: sikusema uongo hata neno moja. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini ilimbidi ayarudie kila siku, na jambo la kweli kwa kawaida halihitaji kurudiwa hivyo.

Shule ya Jumapili ilikuwa ikijiandaa kwa ibada ya watoto. Kasuku ndiye aliyechaguliwa kusoma kwa kichwa mafundisho ya Yesu mlimani, mbele ya kanisa zima. Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, walifanya mazoezi ya mwisho. Mwalimu wao alikuwa fundi saa, mzee mpole aliyefinya jicho moja hata asipokuwa na saa mkononi. Kasuku alisimama akatiririka bila kukwama, hadi akafika pale panaposemwa kwamba mtu akileta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza wapatane. Akapita, akaendelea, akamaliza. Wenzake wakapiga makofi.

Mvulana mmoja alinyoosha mkono. Walimwita Mkia kwa sababu katika kushika mistari alikuwa wa mwisho siku zote.

"Mwalimu, na kama huyo ndugu amepanda basi ameenda kwao?"

"Mkia, wewe shika mistari kwanza, maswali baadaye," msichana mmoja alimtania.

"Nauliza tu. Kama sadaka yenyewe ni mbuzi, atafungwa hapo madhabahuni mpaka lini? Atakula nini?"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu alisubiri wanyamaze. "Mwacheni. Huyu alikuwa anasikiliza habari, nyinyi mlikuwa mnasikiliza kama Kasuku atakosea. Kasuku, umesoma vizuri sana. Mjibu mwenzako."

Kasuku aliupitia tena mstari ule kichwani, neno kwa neno.

"Umbali haukutajwa," alisema mwishowe.

"Eti?"

"Haikusemwa kama yuko karibu au mbali. Imesemwa aende."

"Basi umejibu," mwalimu alisema, akamfinyia jicho Mkia.

Wenzake walipotoka, Kasuku alibaki mlangoni. "Mwalimu, kesho nisisome."

"Unaumwa?"

"Hapana. Kuna mtu nimemkosea, na bado sijaenda."

Fundi saa alimtazama kwa macho yote mawili. "Nenda basi. Atasoma Mkia."

"Mkia hajui kitu, mwalimu."

"Atasoma kitabuni. Hakuna aliyekatazwa kutazama kitabuni."

Shangazi alikuwa katika chumba cha pasi, akinyoosha shati la mteja. Kasuku alisimama karibu na meza. Miguu ilimwambia arudi, naye hakuisikiliza.

"Shangazi, ilikuwa skafu yangu."

"Skafu gani?"

"Ile nyekundu. Niliitia mimi kwenye majoho, halafu nikaificha."

Pasi ilisimama juu ya shati. Shangazi aliwahi kuinyanyua kabla kitambaa hakijaungua, akaiweka kando.

"Na mwenzako alipokuwa analia hapo mlangoni, ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Ukanyamaza."

"Sikusema uongo, shangazi. Sikuulizwa."

"Amri inakataza kumshuhudia mwenzako uongo. Ulidhani shahidi ni lazima aseme?" Shangazi alizungumza taratibu, bila kupaza sauti, jambo lililomtisha Kasuku kuliko kofi. "Asubuhi ile nilikutazama. Nikaona umetulia na vibanio vyako, nikasema moyoni, mtoto huyu hana habari, basi ni yule. Kimya chako ndicho kilichotoa ushahidi. Na mimi, bila kuchunguza, nikahukumu. Yule binti alinieleza ukweli, nikamjibu kwa kejeli za malaika." Alikaa juu ya kapu la nguo. "Kwa hiyo tumemkosea wawili."

Jioni ile walikwenda pamoja kwa mwalimu wa kwaya, na Kasuku akasema mwenyewe alichofanya, huku muuza nyama akiwa amekuja kwa mazungumzo na amekaa palepale anasikia. Hakuna aliyetania. Shangazi alipiga simu ya Dada Mrefu, iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Ana haki," alisema. "Tutaandika. Tena barua ni bora. Mama yake anaamini binti yake alifukuzwa kwa uzembe. Karatasi ataishika mkononi aisome mwenyewe."

Jumapili, baada ya ibada ambayo Mkia alisoma akijikwaa mpaka mwisho, Kasuku aliketi kuandika. Barua ya kwanza ilijaa pande mbili, mistari ya Biblia imepangana kama mashati kabatini. Shangazi aliisoma akairudisha.

"Haya ni mahubiri. Aliyekosewa ni yeye, wewe ndiye unayemhubiria?"

Barua ya pili ilieleza kwamba kwa bahati mbaya skafu iliingia kwenye beseni.

"Iliingia? Skafu haina miguu."

Kasuku alichukua karatasi nyingine. Safari hii hakuna sura wala mstari wa kumsaidia. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyeiweka skafu ndani ya majoho, kwamba aliificha, kwamba alinyamaza Dada Mrefu alipofukuzwa, na kwamba mwalimu wa kwaya na muuza nyama sasa wanajua hivyo. Akamwomba msamaha. Shangazi aliisoma, akaandika chini yake kwa mkono wake kwamba naye anaomba radhi, na kwamba kazi ya Dada Mrefu ipo, na mshahara wa siku alizokaa nyumbani pia.

"Na asipotaka kurudi?" Kasuku aliuliza.

"Hilo ni lake. Sisi letu ni kwenda." Shangazi aliikunja karatasi kama anavyokunja leso. "Sikiliza, mwanangu. Kulishika neno la Mungu kichwani ni kama kuloweka nguo. Ni mwanzo mzuri, na mimi nakusifu. Lakini hakuna nguo iliyotakata kwa kulowekwa tu. Lazima mtu ainame aifikiche, mikono imuume. Wewe jana ulianza kufikicha."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Shangazi alichovya kidole kwenye uji wa wanga wa kunyooshea kola, akapaka ukingo, akaubana, akaupitishia pasi ya vuguvugu mara moja. Wakatembea mpaka posta, ambayo siku hiyo ilikuwa imefungwa, lakini sanduku la barua lilikuwa nje ukutani. Kasuku aliiingiza bahasha nusu, akasoma tena jina alilolihifadhi tangu zamani bila kulitumia, jina halisi la Dada Mrefu, kisha akaiachia. Waliisikia ikigonga chini.