Ukaguzi wa Miguu

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, mama yake Swala alikuwa ameshavaa sare, ameshakunywa chai yake akiwa wima, na ameshaanza kupambana na simu. Ungemsikia ungedhani ni dalali wa sokoni.

"Profesa, nakuomba sana. Vijana wangu wanatoka uwanjani saa mbili. Ukiwawekea jaribio saa mbili hiyo hiyo, watakuingilia darasani na matope. Utapenda?" Kisha angecheka, angeshukuru, na kupiga simu nyingine.

Mama huyu alikuwa meja wa jeshi, lakini kazi yake haikuwa kambini. Ilikuwa chuo kikuu. Aliongoza mafunzo ya vijana waliosoma uhandisi, kilimo au sheria kama wenzao wote, ila wakihitimu wangekuwa pia maofisa wa jeshi. Alfajiri walikuwa uwanjani, mchana darasani, na Jumamosi porini. Ratiba, mabuti, ramani, maji ya kunywa na kubembeleza maprofesa, yote hayo yalimwangukia yeye.

Swala halikuwa jina la kuzaliwa. Binti huyo alibandikwa jina hilo shuleni kwa sababu ya mbio zake. Alikuwa darasa la sita, na katika timu ya kupokezana vijiti yeye ndiye aliyekimbia mwisho, yule anayepokea kijiti wakati watazamaji wote wameshasimama. Mashindano yalikuwa Jumatatu, na tangu mwezi uliopita hakuota ndoto nyingine.

Tatizo lilikuwa kisigino. Viatu vyake vipya vya mbio alivichagua kwa kupenda rangi. Muuzaji alimshauri achukue namba kubwa zaidi, lakini ya rangi ile haikuwepo, basi Swala akaapa kwamba vinamtosha. Havikumtosha. Lengelenge liliota, likapasuka, na sasa palikuwa na kidonda kilichomchoma kila alipokanyaga. Alikifunika kwa soksi ndefu na kukaza meno. Mama akijua tu, mbio zimekwisha.

"Viatu havikubani, mwanangu?" mama aliuliza kila siku akiwa mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Havibani, mama."

"Haya. Tutaonana jioni."

Jumamosi ile baba alikuwa safarini, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki na Swala. Mama akamchukua hadi chini ya vilima nje ya mji, mahali ambapo wanafunzi wangepumzika katikati ya safari yao ndefu ya miguu. Akamkabidhi kwa muuguzi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa amekaa kwenye lori la maji na dawa.

"Kaa hapa kivulini," muuguzi alimwambia. "Leo utawaona watu."

Swala alijisemea moyoni kwamba watu hao anawajua. Si ndio wale wa kantini ya chuo, wenye suruali za jinzi na simu zisizotoka mikononi? Lakini kabla hajawaona aliwasikia. Sauti ya mabuti ilikuja kutoka nyuma ya kilima, moja tu, kana kwamba anayetembea ni mtu mmoja mkubwa sana. Kisha wakatokeza, mabegi mgongoni, nyuso zimelowa jasho, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki nyuma. Swala vinyweleo vilimsimama. Alisahau hata kidonda chake.

Mbele yao alikuwa kijana mrefu wa uhandisi waliyemwita Mnara. Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja alipewa kikosi akiongoze, na Meja alimpa alama. Siku hiyo zamu ilikuwa yake, naye alikuwa na sauti ya kumfanya hata mbuzi asimame wima.

"Kikosi, simama!"

Wakasimama. Sasa palikuwa na jambo moja ambalo kiongozi alitakiwa kulifanya kabla yeye mwenyewe hajanywa hata tone la maji. Alitakiwa kukagua miguu ya watu wake, kwa sababu safari ya askari iko miguuni. Mnara akajaza kifua hewa.

"Miguu iko sawa?"

"Sawa, afande!" kikosi kizima kiliitikia hadi ndege wakaruka mitini.

Mnara akageuka, akapiga saluti. "Afande, miguu yote iko salama."

Swala alimtazama kwa kumhusudu. Kumbe huo ndio uongozi!

"Umeitazama?" Meja aliuliza.

"Nimeuliza, afande."

"Nimekusikia ukiuliza. Umeitazama?"

Meja akavua kofia yake, akampa muuguzi, akapiga magoti vumbini mbele ya mwanafunzi wa kwanza. "Vua buti."

Harufu iliyotoka humo haina jina la heshima. Muuguzi alirudi nyuma akipunga kofia. "Jamani, hiki ni kiatu au ni shimo?" Lakini Meja hakukunja hata pua. Aliuweka mguu ule pajani kwake, akaugeuza, akatazama unyayo, akapitisha kidole katikati ya vidole. Akahamia kwa wa pili, kisha wa tatu.

Swala alitaka kucheka akashindwa. Mtu ambaye maprofesa walipunguza sauti mbele yake alikuwa amepiga magoti, ameshika miguu ya watu inayonuka, kwa upole ule ule anaoshikwa nao mtoto mchanga bafuni. Hakuwahi kumwona mama yake mkubwa kiasi kile. Alijikuta ameshuka kwenye lori bila kujua, amesogea karibu.

Meja alifika kwa msichana mmoja wa kilimo, mpole, ambaye wenzake walimwita Kimya. Huyu alifungua kamba polepole mno. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Meja aliimwagia maji kidogo kidogo hadi ikaachia, na kisigino kilipoonekana Mnara mwenyewe alifumba macho.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, afande."

"Mbona umejibu sawa?"

Kimya aliinamisha kichwa. "Wote walijibu sawa, afande. Mimi nikisema naumwa, kikosi kinakosa alama kwa ajili yangu."

Meja alimgeukia Mnara. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya kuliko kufoka. "Mtu ukimuuliza mbele ya wenzake kwa sauti kama ile, atakujibu sawa hata kama mguu unaoza. Wewe ulitaka jibu zuri, ukapewa. Sasa huyu angekuangukia huko mbele, na kosa lingekuwa lako, si lake."

"Ndiyo, afande," Mnara alisema, sauti yote imemwishia.

Wenzake wawili walimbeba Kimya hadi kwenye lori, machozi yakimtoka. Muuguzi alitikisa kichwa. "Angefika nao jioni mguu huu, ningekuwa nazungumza mengine."

Swala alisimama pale pale. Maneno ya Kimya yalikuwa maneno yake mwenyewe, na kisigino kilikuwa kinapwita ndani ya soksi kama kina moyo wake. Aliyafikiria mashindano, kijiti, watu wakisimama. Angeweza kunyamaza. Jumatatu haikuwa mbali, angevumilia, halafu angesema. Mama alikuwa ameshaanza kuinuka, anajifuta vumbi magotini.

Swala akaenda akakaa chini pale alipokuwa amekaa Kimya. Akavua kiatu.

"Mama," alisema, "na mimi."

Meja akarudi chini. Aliivuta soksi ndefu. Kidonda kilikuwa na usaha, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa. Muuguzi alichungulia. "Mtoki umeshatoka?"

"Unauma kidogo, hapa kwenye kinena," Swala alisema, na hapo machozi yakamshinda. "Usikasirike, mama. Uliniuliza kila siku nami nikakudanganya. Nilitaka kukimbia Jumatatu."

Wanafunzi hawakujua waangalie wapi. Meja alibaki ameinama, mkono wake umeshika mguu wa mwanawe. Aliposimama, alikuwa amenyooka kama siku ya gwaride.

"Mnara, njoo hapa. Miguu hii ilikuwa jukumu la nani?"

Mnara akasogea. "Lako, afande."

"Niliuliza kila siku, mlangoni, funguo mkononi. Niliitazama?"

"Hapana... hukuitazama, afande."

"Basi nipe alama zangu."

"Afande, mimi siwezi..."

"Hiyo ni amri."

Mnara alitazama mbinguni kana kwamba alama ziko huko. "Sifuri, afande."

"Barabara kabisa," Meja alisema. "Basi tuko wawili, mimi na wewe."

Hakuna aliyethubutu kucheka, hadi Kimya alipoangua kicheko ndani ya lori huku bado analia. Ndipo kikosi kizima kikacheka, na Meja naye pia. Mnara hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti kwa mwenzake aliyefuata, akashika buti, na kuendelea hadi wa mwisho, pua ameikunja, macho ameyatoa. Alipokunywa maji, wenzake wote walikuwa wameshakunywa.

Swala na Kimya walirudi na lori moja hadi zahanati. Kusafishwa kidonda kuliuma kuliko maelezo yoyote. Swala alipewa dawa, sindano, na amri ya kutovaa viatu vya kufunika hadi kidonda kikauke. Jioni mama alipokuja kumchukua, aliyalilia mashindano yake njia nzima, wala mama hakumkataza.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa mwalimu wa michezo akiwa na kandambili, akamwambia ukweli. Mwalimu alishika kiuno. "Leo? Unaniambia leo?" Nafasi yake alipewa msichana wa darasa la tano, mwenye mbio nzuri, ila hakuwahi kufanya mazoezi na timu. Alipokuja kupokea kijiti mkono wake ulichelewa, kijiti kikaanguka. Walikuwa wa pili, wakamaliza wa nne. Swala alipaza sauti hadi ikakauka, lakini haikusaidia.

"Hatukukasirikia mguu," mwenzake mmoja alimwambia baadaye. "Ungesema mapema, tungemfundisha yule kupokea."

Maneno hayo yalimuuma kuliko sindano. Jioni, mama alipokuwa akimbadilisha bendeji, Swala alimsimulia yote.

"Nilinyamaza kwa ajili yao, mama. Nilidhani ndio kuwapenda."

"Kimya naye alidhani hivyo, na yuko chuo kikuu," mama alisema, akiifunga bendeji taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Mficha maradhi kilio humfichua, na hicho kilio huwa hakimlizi yeye peke yake. Wenzako walikuwa wanautegemea mguu ambao haukuwepo. Kusema 'naumwa' mapema ni sehemu ya kazi ya timu, kama kukimbia kwenyewe. Na aliye mkubwa, awe meja au awe mama, kazi yake ni kupiga magoti akatazama. Mimi nilikwenda kuwafundisha watoto wa wenzangu jambo ambalo nyumbani kwangu sikulifanya."

Swala alifikiri kidogo. "Lakini mama, ile sifuri utaipeleka chuoni?"

"Nimeshaipeleka," mama alisema. "Nimeibandika ukutani ofisini, juu ya meza yangu. Sasa lete na mguu wa pili."