Sauti Mpya ya Veyra

Bisi za chumvi zilikuwa zimekwisha. Hanne alikuwa amesimama kwenye foleni dakika ishirini, na alipofika kaunta akaambiwa zimebaki za sukari tu, ndoo ya mwisho ya chumvi imechukuliwa na huyo bwana hapo. Bwana mwenyewe akageuka. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kodrai la kahawia, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba kama ya mwalimu mstaafu, ingawa hakuwa hata na miaka arobaini.

"Chukua hizi, dada," alisema. "Mimi nikianza kutafuna sisikii filamu."

"Na mimi nikianza kutafuna utanisikia mimi."

"Inategemea umekaa safu ya ngapi."

Walikuwa safu ya saba wote wawili, viti vinavyofuatana. Hanne alivua koti lake la mvua la manjano, akaliweka mapajani, akaanza kula bisi za mtu asiyemjua. Ilikuwa Jumatatu, siku ya filamu ya kushtukiza, ambapo Waberlini hununua tiketi bila kujua wataonyeshwa nini, na filamu ikiwa mbovu ndiyo hivyo tena. Katika jumba zima Hanne peke yake ndiye aliyejua itakuwa ipi.

Ilikuwa sehemu ya tano ya hadithi ya Veyra, malkia wa mji ulio chini ya barafu. Mwigizaji mwenyewe ni wa ng'ambo, na Ujerumani ni wachache mno waliowahi kusikia anavyosema. Kwa miaka kumi na miwili Veyra alisema Kijerumani kwa sauti ya Renate Osterhus, sauti nzito yenye mikwaruzo, ambayo watu waliizoea kama ya shangazi yao. Renate alifariki wakati wa baridi. Aliyepewa nafasi yake katika chumba cha kutia sauti ni Hanne.

Hakuna aliyemtambua, na asingetambuliwa hata angepiga soga na jumba zima. Mbele ya maikrofoni alisema Kijerumani kilichonyooka. Nje ya hapo alisema kwa lafudhi ya mkoa wa kwao, Pfalz, laini, inayomeza nusu ya maneno, ambayo Berlin humfanya muuza mkate atabasamu kabla hujamaliza kuagiza.

Taa zikazimwa. Veyra alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza, mnong'ono ukapita safu kwa safu, na nyuma kule mtu akacheka. Hanne aliacha kutafuna. Jirani yake alishusha pumzi ndefu, akaivua miwani yake, na kwa robo saa nzima hakuivaa.

Baadaye walijikuta nje, kwenye kibanda cha soseji, wakila wima. Jina lake lilikuwa Thilo Wernicke, fundi wa miwani wa mtaa wa Moabit, na alikuwa na ukurasa mtandaoni uitwao Safu ya Saba, wenye wasomaji elfu kadhaa wanaotaka kujua filamu kubwa ipi ni ya kuona na ipi ni ya kukwepa. Hakuhitaji kubembelezwa ili aseme. Mwaka huu, alidai, filamu zote kubwa zimepigwa gizani, na yeye anayewapima watu macho anajua kuwa ile si sanaa, ni uvivu. Vionjo vya filamu navyo vinasimulia hadithi yote, mpaka mtu unaingia kuhakikisha tu. Mashujaa wanakufa Mei na kufufuka Novemba, kwa hiyo hakuna anayewalilia tena. Ya bahari iliyo chini ya jangwa, itakayotoka Desemba, alikuwa ameshaikatia tiketi. Ya siafu wakubwa hakutarajia kitu kwayo, ila angekwenda.

"Na hii ya leo?" Hanne aliuliza, kana kwamba anauliza hali ya hewa.

Thilo alifuta mchuzi kidoleni. "Ya leo ni nzuri. Sauti ndiyo imeniua. Yule dada anamwigiza marehemu, na marehemu haigizwi. Wewe umeonaje?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini mwanamume huyu alikuwa akimtazama kwa macho ya udadisi, akingoja jibu lake kwelikweli, na muda ulikuwa mrefu tangu mtu amngoje hivyo. Akasema tu kwamba yeye alipenda farasi wa malkia. Thilo akacheka mpaka akakohoa, akaomba namba yake ya simu.

Asubuhi Hanne aliusoma ukurasa. Thilo alikuwa amelitafuta jina la mtia sauti kwenye orodha za mashabiki na kulitaja lote, mara tano. "Johanna Bräuer amevaa koti la marehemu," aliandika, "na mikono ya koti imemzidi." Hanne, ambaye ni babu yake peke yake aliyewahi kumwita Johanna, alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea na kulisoma neno hilo mpaka chai ikapoa. Lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Bibi Dittmer, msimamizi wa sauti, alikuwa amemwagiza kila siku aige mikwaruzo ya Renate, watu wasishtuke.

Kwa akili zake timamu angemfutilia mbali mtu huyo. Badala yake alipokea simu yake Jumatano, na Alhamisi, na tangu hapo kila jioni. Thilo alimwita kipenzi kwa mzaha wiki ya kwanza, na wiki ya pili mzaha ukaisha. Hanne alimwita bwana miwani. Walitembea kando ya mifereji, Hanne na sweta lake la kijani, Thilo na koti lile lile, wakibishana kama filamu yenye urefu wa saa tatu ni zawadi au adhabu. Jioni moja kwenye simu Thilo alimwambia asome chochote, hata maelezo ya sabuni, bora amsikie.

"Una sauti inayomkalisha mtu chini," alisema.

Hanne alisoma maelezo ya sabuni mpaka mwisho.

Kila siku aliahidi kusema kesho yake. Kila kesho jambo likazidi uzito, kwa maana maneno ya Thilo kuhusu koti la marehemu yalikuwa yameenea, mashabiki wakaandika barua, na Bibi Dittmer akampigia kumweleza, bila kumtazama usoni kwa kuwa simu hairuhusu, kwamba nafasi ya Veyra kwa sehemu ya sita itafunguliwa upya. Novemba wanawake watatu watafanya majaribio, yeye akiwa mmojawapo. Kama angeshindwa, angekuwa yule aliyejaribu viatu vya Renate akavirudisha, na katika kazi ile watu hawasahau.

Alikuwa mwangalifu. Wiki tano hakumkaribisha Thilo kwake, akisingizia rangi, mabomba, jirani mgonjwa. Kisha plamu zikajaa sokoni, akashikwa na hamu ya chakula cha kwao, supu ya viazi inayoliwa pamoja na keki ya plamu, na akamwalika Jumapili mchana. Alipanga kusema kabla ya supu. Alisugua sakafu, akavaa gauni la buluu lenye vifungo mgongoni, akakanda unga tangu asubuhi. Alifikiria yote, isipokuwa kwamba mgeni hupiga kengele, na kengele za Berlin zina majina ya ukoo.

Alimwona kutoka dirishani, ghorofa ya tatu. Thilo alikuwa amenyoa, amebeba maua ya zambarau. Alikuwa amemwelekeza vipi? Alimwambia: ghorofa ya tatu, kushoto. Thilo akainamia ubao wa kengele, akatafuta, akanyoosha kidole. Kidole kikasimama hewani mbele ya jina Bräuer. Akavaa miwani, akasoma tena, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akageuka na kuondoka na maua yake, haraka, kama mtu aliyekosea nyumba.

Hanne alimpigia mara tatu. Saa kumi ujumbe ukaingia: "Nimeona jina. Nipe muda." Supu akaimwaga, keki akampa jirani, ambaye hakuwa mgonjwa hata kidogo.

Siku tisa zilipita. Hanne alijiambia kuwa mambo ni wazi: alimdanganya mtu, na zaidi ya hapo, mtu mwenyewe hawezi kumpenda mwanamke ambaye kazi yake haiheshimu. Alijiambia pia kuwa hajali. Hilo la pili alilisema vibaya hata yeye mwenyewe hakuliamini. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, alivaa koti la manjano na kuingia duka la miwani la Moabit, akamwambia mwenye duka kwamba amekuja kupimwa macho.

Mwenye duka alimwita Thilo. Thilo akatoka nyuma, akamwona, akasimama. Lakini bosi alikuwa anatazama, kwa hiyo akamwonyesha njia ya chumba cha kupimia, akamkalisha kwenye kiti, akamvika ile fremu nzito ya majaribio na kuzima taa. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Soma safu ya juu," alisema.

Hanne alisoma. Sauti ilitetemeka kidogo kwenye herufi ya tatu.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Safu ya pili, tafadhali." Kisha akaushusha mkono. "Niliona aibu, Hanne. Nimekaa wiki tano nikikupigia kelele za filamu, na wewe unajua kila nilichoandika kukuhusu. Nilifikiri ulikuwa unanicheka."

"Nikucheke? Nilikuwa naogopa. Kila jioni nilikata simu nikiogopa."

"Mimi nikajiona mjinga mwenye maua."

"Maua ulipeleka wapi?"

"Kwa mama. Aliuliza nimefanya kosa gani."

Hanne alitabasamu gizani, lakini hakuja kwa hilo. Aliivua fremu, akaishika mapajani. Jambo aliloogopa kuliko yote lilikuwa bado halijasemwa, na alijua kwamba jibu lolote la huruma lingekuwa ndio mwisho wao.

"Bado unaona hivyo? Kuhusu koti?"

Thilo alivuta kiti akaketi. Kisha akaeleza kwamba katika siku hizo tisa ameiona ile filamu mara nne, maonyesho ya mchana, amefumba macho mwanzo hadi mwisho, mpaka kijana wa tiketi akamuuliza kama ana matatizo nyumbani.

"Bado naona hivyo," alisema. "Naomba unisamehe. Karibu yote. Ila pale Veyra anapomwosha mikono kaka yake aliyekufa. Pale hakuna Renate. Pale niliisikia sauti inayonisomea maelezo ya sabuni, nikalia, na siku ile ya kwanza sikuigundua kwa sababu nilikuwa nimeshakasirika."

Hanne aliigeuza fremu mikononi. Siku ya kurekodi sehemu ile, Bibi Dittmer alikuwa kwa daktari wa meno. Fundi mitambo alikuwa amemwambia kupitia kioo, haya, sema unavyotaka, na yeye akasema alivyotaka. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Nitaiondoa ile makala leo hii," Thilo alisema.

"Ukiiondoa nitajua unanihurumia. Iache. Ni kweli."

"Basi nifanye nini, kipenzi?"

"Washa taa unitazame."

Akawasha. Walitazamana kwa muda mrefu kuliko kipimo chochote cha macho, mpaka bosi akagonga mlango kuuliza kama mteja ana tatizo kubwa.

Majaribio yalifanyika Jumanne ya tatu ya Novemba. Hanne aliingia wa mwisho, amevaa sweta la kijani. Bibi Dittmer alimkumbusha mikwaruzo. Hanne akamjibu kwa adabu kwamba Renate alikuwa na yake na imezikwa naye, na kwamba yeye atasema kwa sauti aliyokuja nayo, wakiikataa ataelewa. Alisema mistari kumi na miwili. Nyuma ya kioo hakuna aliyesogea. Wakamwambia angoje nje, na alingoja saa nzima kwenye kiti cha plastiki, akisoma tangazo moja ukutani bila kulielewa.

Alimpigia Thilo akiwa bado mlangoni mwa jengo, jua hafifu la mchana likimpiga usoni.

"Wamenipa," alisema.

"Sehemu ya sita?"

"Na ya saba, kama itakuwepo."

"Itakuwepo. Watu hao hawajui kumaliza."

Hanne alicheka, akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Haya, bwana miwani. Sasa na mimi nangoja kusifiwa. Utaandika nini?"

"Sitaandika. Leo asubuhi nimewatangazia wasomaji kwamba filamu za Veyra nimeziacha, watafute mtu mwingine wa kuwaambia."

"Leo asubuhi? Hata hukujua kama nimepata."

"Ungepata ama usingepata, ni hivyo hivyo. Mtu haandiki uhakiki wa mke wake."

Hanne alisimama tuli. Watu walimpita kulia na kushoto wakielekea stesheni.

"Mke gani?"

Kisha Thilo akasema, pole pole, kwamba alikuwa amepanga kulisema Jumapili, wakiwa wamekaa, akiwa na nguo nzuri, na sasa limemtoka mbele ya bosi na mbele ya mama mmoja aliyeleta fremu ikazwe.

"Huyo mama anasemaje?"

"Hasemi. Ameweka mkono kinywani. Tunakungoja wewe."

Miaka kumi na mitano Hanne alikuwa akisema ndiyo za wanawake wengine, za malkia, za wapelelezi, za mabibi harusi waliokimbia kanisani, kila moja ikiwa imeandikwa kwenye karatasi mbele yake. Hii hakuwa nayo popote. Ilimbidi aivute mwenyewe kutoka kifuani, na ikatoka na lafudhi ya Pfalz, nusu imemezwa.

"Ndiyo, Thilo," alisema. "Nimekubali."

Upande wa pili akasikia mtu anapiga makofi. Alikuwa yule mama wa fremu, kwa sababu Thilo alikuwa akilia.