Mwenye Kibuyu Aonje Kwanza

Jua lilikuwa limeshagusa migomba ya ng'ambo ya uwanja Immakulata alipokwenda bombani kujaza chupa yake maji. Ulimi ulikuwa umemchoka. Tangu saa nane mchana alikuwa ameonja vinywaji vya meza kumi na moja: pombe za mtama, za asali, urwagwa wa ndizi wa kila namna, na zile kokteli za vijana wa mjini waliochanganya urwagwa na tangawizi na nanasi, wakazipamba kwa majani ya mnanaa. Kazi ya mwonjaji si kulewa. Unapiga funda moja, unalizungusha mdomoni, unatema kwenye kopo, unasukutua, unaandika alama.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kuitwa kwenye Tamasha la Vinywaji la Kasulu. Kwao Kitahana, kule Kibondo, harusi haikuitwa harusi bila pombe yake, na ufundi huo aliupata kwa marehemu mama yake, Mpawenimana. Waonjaji wa pombe walikuwa wawili tu, yeye na Mzee Pasikali, mwalimu mstaafu. Orodha na kipaza sauti alishika Khatibu, mwenye duka la vitenge pale mjini, ambaye kilevi hakigusi.

Aliporudi kutoka bombani, Immakulata akaona meza ya kumi na mbili.

Ilikuwa pembeni kabisa, migomba inapoanzia. Haikuwa na turubai, wala bango, wala glasi. Kulikuwa na kibuyu kimoja kikubwa, cheusi kwa moshi, na mrija mrefu wa tete umesimama ndani yake. Nyuma yake alikaa mama mmoja mtu mzima, kitenge kipya, kilemba kimekaa sawasawa, mikono juu ya magoti.

Meza nyingine zote watu walikuwa wanapigana na nzi.

Pale hapakuwa na hata mmoja.

Kisha harufu ikamfikia. Ilikuwa ya shimo la kuivishia ndizi linapofunuliwa, udongo wa moto na majani yaliyooza. Aliijua tangu utotoni. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine... harufu ya chumba alimolazwa mgonjwa, madirisha yamefungwa siku nyingi.

Mzee Pasikali alikuwa ameshainama, mrija mdomoni.

"Mzee, tema," Immakulata alimnong'oneza.

Hakutema. Koo lilipanda, likashuka. Likapanda tena. Alipouachia mrija, machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

"Mama," alisema. Haikuwa sauti ya mzee wa miaka sabini na tatu. Ilikuwa ya mtoto. "Mama, nakuja."

Akaizunguka meza, akaanza kwenda kwenye migomba.

Khatibu alitupa orodha na kipaza sauti, akamkamata kiunoni. Mzee yule mwembamba, aliyetembelea fimbo, alimburuta Khatibu hatua nne. Alipozuiwa, miguu yake haikusimama. Iliendelea kupiga hatua palepale, ikichimba vumbi.

"Immakulata!" Khatibu alihema. "Hii meza haimo! Nimeandika kumi na moja kwa mkono wangu!"

Yule mama hakugeuza hata shingo. Alikuwa akimtazama Immakulata.

"Mwiriwe, mwana wa Mpawenimana," alimsalimu kwa Kiha, taratibu. "Zamu yako."

Immakulata alihisi nywele zikimsimama. Jina la mama yake hakulitaja kwa mtu yeyote mjini hapo.

"Unamjuaje mama?"

Yule mama akausogeza mrija kidogo, ukamwelekea yeye. Na ndani ya kibuyu, chini kabisa, mtu akakohoa.

Kikohozi kifupi. Mara mbili.

Kisha, "Imma..."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Miaka mitatu! Miaka mitatu hajaisikia sauti ile. Mama yake alikwenda harusini Nyabibuye mzima wa afya, akapokea kibuyu alichopewa na mtu ambaye mpaka leo hakuna anayemkumbuka sura, na asubuhi alikuwa maiti. Daktari alisema presha. Majirani walisema mengine. Immakulata hakuwa amemuaga.

"Imma, kiu..."

Mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Vidole vikagusa mrija. Ulikuwa wa moto, kama kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu sasa hivi.

Hapo ndipo akili ikamrudia. Mama yake ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa mdogo wa kubeba vikombe, kwamba mwenye pombe hampi mgeni kabla ya kuinywa yeye mbele ya macho yake. Akikataa kuionja mwenyewe, hiyo si pombe.

"Onja wewe kwanza," alisema.

"Mwonjaji ni wewe."

"Kwetu mwenye kibuyu ndiye anaanza. Onja."

Yule mama akatabasamu. Meno yalikuwa meupe, mazuri, yamelingana yote.

"Mama yako hakuniuliza hivyo."

Hofu iliyokuwa imemjaa Immakulata ikatoka yote kwa mkupuo mmoja. Kilichobaki kilikuwa hasira. Hasira ya msibani, ya miaka mitatu ya kuambiwa nyamaza, achana nayo, watakumaliza na wewe. Alikwenda pale Khatibu alipoangusha kipaza sauti, akakiokota.

"Jamani!" Sauti yake ilipasuka uwanja mzima. "Huyu mama ana pombe na hataki kuionja! Aonje!"

Ngoma ikakatika. Watu wakageuka na vikombe mikononi. Wazee wa Kiha walikuwa wa kwanza kuelewa, wakaweka vikombe chini.

"Aonje," mmoja alisema.

"Aonje!"

"Aonje! Aonje!"

Mamia ya watu wakaja, wakasimama duara. Yule mama akawatazama mmoja mmoja, kama anayekariri sura. Kisha akainama, akauweka mrija mdomoni.

Akavuta.

Sauti ya kuvuta ilisikika... ndefu... ya mdomo uliokauka. Mashavu yake yakabonyea mpaka mifupa ikajichora. Lakini kinywaji hakikupungua.

Kilipanda.

Kilipanda hadi shingoni mwa kibuyu, povu likafura, kikamwagika mezani, kikadondoka chini. Kadiri alivyovuta ndivyo kilivyozidi kujaa. Vumbi halikukinywa. Kilitambaa juu yake kuelekea miguu ya watu, nao wakaruka nyuma wakipiga kelele.

Immakulata hakuruka. Aliukanyaga ule unyevunyevu, akaung'oa mrija mdomoni mwa yule mama, akauvunja vipande viwili kwenye goti.

Miguu ya Mzee Pasikali ikasimama. Akaketi chini kama gunia.

Yule mama aliinuka polepole, akaweka kilemba chake sawa.

"Nitakuja kunywa kwako," alinong'ona.

"Njoo," Immakulata alimjibu. "Lakini utakuja mchana, na utapiga hodi. Mimi si wa kuviziwa."

Yule mama akaingia kwenye migomba. Majani hayakutikisika.

Kibuyu walikichoma moto jioni ileile. Ndani, Khatibu aliapa, kilikuwa kikavu kabisa na kimejaa utando wa buibui wa zamani. Aliyeileta meza hakujulikana. Mzee Pasikali alipona, ila tangu siku hiyo hatofautishi chumvi na sukari, na kila akiulizwa kule alikuwa anaitwa na nani, anaomba abadilishiwe mazungumzo.

Majirani wa Kitahana walimsihi Immakulata aache kupika pombe. Hakuacha. Aliongeza pipa la pili.

Jumamosi iliyopita alifunua pipa jipya. Povu lilikuwa zima, jeupe, halijaguswa na mtu. Isipokuwa katikati kabisa. Palikuwa na tundu dogo la mviringo, unene wa mrija.

Jua lilikuwa la utosi. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

Immakulata alichota kikombe cha kwanza, akakinywa chote bila kupumua. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akachota cha pili.

Akaenda nacho kufungua.