Vidonge Viwili Asubuhi Moja

Mshonaji aliamka kabla ya kengele ya simu. Siku hizi kengele haikuwa na kazi. Hofu ndiyo iliyomwamsha.

Aliogopa kuchelewa. Kiwandani kwao walishona kola za mashati. Kila kola ilipita mikononi mwa watu wengi, na kila mtu alikuwa na hatua yake. Mmoja akikosekana, wote walio mbele yake hukaa bure. Msimamizi wao, waliyembandika jina la Filimbi, hakuhitaji kugomba. Alisimama tu nyuma ya kiti kitupu na kukitazama.

Tangu oda kubwa iingie, Filimbi alitaka watu wafike mapema na watoke wamechelewa. Mshonaji alikubali. Angekataaje? Nje ya geti walisimama wengine waliokitaka kiti chake.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe na mama yake mzazi. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala la vyuma. Mama alikuwa na kisukari. Daktari alimwagiza ameze kidonge kimoja kila asubuhi, pamoja na chakula. Kazi ya kumpa kidonge hicho haikuwa na mwenyewe. Mara binti ndiye aliyempa, mara mkwe, kutegemea nani ana nafasi.

Jumamosi hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi.

"Mama, shika kidonge chako," mshonaji alisema. Mkono wake mmoja ulikuwa ukitafuta kiatu chini ya meza.

"Na uji je?"

"Uji uko jikoni. Mkweo yuko njiani, atakupashia."

Mama akameza kidonge kwa maji. "Haya, mwanangu. Nenda, wasije wakakufungia geti."

Mshonaji akatoka mbio. Pakiti ya dawa ilibaki mezani. Kwenye ngazi alipishana na mumewe, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Salama?"

"Salama."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya kila siku. Wapangaji wenzao waliwatania kwamba wale wawili hawakuoana, walipangiwa zamu.

Jumamosi kiwanda kilifungwa mchana. Mshonaji alipanda ngazi akiwaza kujinyoosha kidogo tu kitandani. Alipofungua mlango, mawazo hayo yalikatika.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Gauni lake lilikuwa limelowa jasho, na siku ile haikuwa ya joto. Mikono ilimtetemeka. Midomo ilikuwa imepauka.

"Mama! Vipi?"

Mama alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Umeileta ndoo?" aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Ndoo gani, mama?"

"Usinifokee. Mimi si mtoto wako."

Kutoka chumba cha pili alisikia mumewe akikoroma.

"Amka! Mama amezidiwa!"

Mlinzi alitokea na shati mkononi. Akamwona mama mkwe, akatoa macho. "Sukari imempanda," alisema.

Mshonaji naye aliwaza hivyohivyo. Kuhusu kisukari alijua jambo moja tu, kwamba sukari ni adui. Kwao sukari iliwekwa juu ya kabati, nyuma ya masufuria, kama sumu ya panya. Alirukia pakiti ya dawa na kutoa kidonge. Labda cha asubuhi hakikutosha.

"Kamwite Bi Sindano," alimwambia mumewe. "Mimi nampa dawa."

Mlinzi alishuka ngazi peku. Mshonaji akapeleka kidonge kwenye midomo ya mama. Mama akafumba kinywa na kugeuza uso.

"Meza, mama. Tafadhali. Usinifanyie hivi."

Mama hakufungua kinywa. Mshonaji alianza kulia. Alimshika kidevu.

"Hicho ni nini mkononi?"

Aliyesema alikuwa jirani wa chini, muuguzi wa zahanati. Jengo zima lilimwita Bi Sindano. Mikono yake bado ilikuwa na povu la sabuni ya kufulia.

"Dawa yake ya sukari."

"Weka chini."

"Lakini imepanda..."

"Weka chini, nasema! Leo amekula nini?"

Mshonaji alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama mshonaji.

"Nimewaelewa," alisema Bi Sindano. "Sukari yenu iko wapi?"

"Sukari ya nini?"

"Ya kumpa mama. Fanya haraka."

"Bi Sindano, huyu ana kisukari! Unataka kumuua?"

Muuguzi hakupandisha sauti. "Nisikilize. Anatoka jasho, anatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Hajala, na dawa amemeza. Hizi ni dalili za sukari iliyoshuka. Kama nimekosea na imepanda, vijiko vichache havitambadilishia mengi leo. Lakini kama imeshuka na tukamnyima, tunaweza kumpoteza tukiwa tumesimama hapahapa."

Mlinzi ndiye aliyefikia juu ya kabati. Masufuria mawili yalianguka kwa kishindo. Hakuna aliyejali.

Bi Sindano alikoroga vijiko kadhaa vya sukari katika nusu glasi ya maji. Kwanza alimwinua mama uso. "Mama, nitazame. Unanisikia? Meza mate nione." Koo la mama likacheza. "Vizuri. Anaweza kumeza. Kunywa hiki, taratibu."

Alimnywesha kidogo kidogo. Huku akinywesha, alisema bila kugeuka, "Angekuwa amezimia, tusingemtia kitu mdomoni. Kingeweza kwenda kwenye mapafu. Tungemlaza ubavu na kutafuta gari la hospitali."

Kisha wakangoja. Mshonaji alikaa sakafuni na kushika miguu ya mama. Ilikuwa baridi. Alijaribu kukumbuka neno la mwisho ambalo mama alikuwa amemwambia akiwa na akili zake. Lilikuwa kuhusu geti la kiwanda. Kama mama angekufa, hilo ndilo angebaki nalo maisha yake yote. Geti.

Robo saa ilipita kama siku nzima.

"Nani amenitilia sukari yote hii?" mama aliuliza. Sauti ilikuwa ileile ya kila siku, ya kukemea. "Nyinyi mnataka kunimaliza?"

Mshonaji alicheka na kulia kwa pamoja. Bi Sindano hakucheka. Alimpa mama kipande cha mkate na kusema, "Sasa vaeni viatu. Tunakwenda hospitali."

"Si amepona?" mlinzi aliuliza.

"Maji ya sukari yanaisha mwilini upesi. Vidonge vya aina hii hufanya kazi kwa muda mrefu. Sukari inaweza kushuka tena jioni, au akiwa amelala. Lazima wampime na wamwangalie. Na pakiti ya dawa tunaichukua, wajue amemeza nini."

Hospitalini walikaa kwenye benchi la ukumbini. Mama alikuwa ameingizwa ndani. Mlango ulifunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka mshonaji alisimama. Bi Sindano akauliza swali lake taratibu, kama anayetafuta mshipa.

"Asubuhi, nani alimpa dawa?"

"Mimi," alisema mshonaji.

"Mimi," alisema mlinzi.

Walisema pamoja.

"Niliikuta pakiti mezani," mlinzi alisema. Hakumtazama mkewe. "Nikajua hujampa. Nikampa, nikaenda kulala. Nilidhani uji amekwisha kula."

"Uji nilikuachia wewe umpashie."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia lini? Kwenye ngazi?"

Sauti yake ilipaa, na wagonjwa wengine waligeuka. Mshonaji akajifunika uso kwa mikono. Aliogopa kumchukia mumewe. Zaidi aliogopa kile ambacho hakukisema: kwamba alikaribia kumpa mama kidonge cha tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Mama alilazwa hadi kesho yake. Sukari ilishuka mara nyingine jioni ile, kama Bi Sindano alivyosema, lakini wauguzi walikuwa karibu. Jumapili alirudi nyumbani. Bi Sindano alipanda kumjulia hali, akawakuta watatu wameketi kimya kama wenye matanga.

"Baba mlinzi," alianza, "ukifika ghalani jioni, unapokea vipi zamu kwa mwenzako wa mchana?"

Mlinzi alishangaa, lakini hilo alilijua vizuri. "Tunazunguka ghala lote pamoja. Ananionyesha makufuli. Ananiambia gari gani limeingia na mlango upi una kasoro. Haondoki mpaka niseme nimepokea."

"Na hayo ni makabidhiano ya vyuma."

"Ndiyo, vyuma."

"Haya. Na ya mama mkwe wako?"

Mlinzi aliangalia sakafu.

"Simsemi yeye peke yake," Bi Sindano alimwambia mshonaji, ambaye alikuwa ameanza kumbinulia mumewe midomo. "Nanyi kiwandani hampitishi kola kabla mwenzenu hajaishika. Hapa nyumbani mnarushiana mgonjwa kwenye ngazi. Na kuna mtu wa tatu ambaye hamkumuuliza kabisa." Akamgeukia mama. "Mama, kidonge cha pili ulikipokea kwa nini? Ulijua umekwisha meza."

Mama alivuta khanga mabegani.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka kusema. Nikamwona mkwe wangu anasinzia amesimama. Nikasema moyoni, labda daktari ameongeza dawa, nami nitaonekana msumbufu. Na uji sikuudai kwa sababu hiyohiyo. Nyinyi mnakimbia tangu asubuhi. Naogopa siku moja mtachoka, na mimi ndiye mzigo utakaotuliwa kwanza."

Kumbe katika nyumba ile kila mtu alikuwa na hofu yake, na kila mmoja alikuwa ameificha ili asiwaogopeshe wengine.

Siku ile walikata shauri. Hawakuweka mambo mengi. Bi Sindano aliwaletea kijisanduku cha dawa chenye chumba kimoja kwa kila siku ya wiki. Chumba cha leo kikiwa kitupu, dawa imeshamezwa, na hakuna wa kubishana nacho. Kijisanduku kilikaa kwa mama. Yeye ndiye angemeza kidonge, chakula kikiwa tayari mbele yake, na angesema kwa sauti, "Nimemeza." Mtu asipokuwa na uhakika, asiongeze dawa. Aulize kwanza. Na sukari ilishushwa kutoka juu ya kabati na kuwekwa mahali ambapo mkono wa mama unafika.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Asubuhi ilihitaji muda, na muda ulikuwa mikononi mwa Filimbi.

Jumatatu mshonaji alisimama mbele yake.

"Siwezi tena kuingia mapema," alisema. "Saa za kawaida nitafanya zote. Za ziada nitafanya jioni mbili kwa wiki, basi. Mama yangu nusura afe."

Filimbi alimtazama. "Unajua wangapi wako nje ya geti?"

"Nawaona kila siku. Hakuna hata mmoja anayekunja kola kama mimi."

Hakujua maneno hayo yalitoka wapi. Filimbi alikunja uso. "Jumanne na Alhamisi," alisema. "Na kola mbovu nisiione."

Tangu hapo mshonaji hakuondoka nyumbani kabla mumewe hajaingia na kuketi. Walikula pamoja wote watatu. Yalikuwa mazungumzo mafupi: mama amelalaje, amekula nini, ana miadi lini. Lakini mambo mengine yalijipenyeza yenyewe. Mlinzi alisimulia paka aliyezaa ndani ya chapeo ya fundi. Mama alicheka mpaka akapaliwa na uji.

"Na wewe," Bi Sindano alimwambia mshonaji siku moja kwenye kamba ya kuanikia nguo, "lini mara ya mwisho ulifanya jambo la kukufurahisha?"

"Nijifurahishe lini? Sina muda."

"Aliyechoka sana hukosea dawa. Nimeona wengi. Kupumzika kwako ni sehemu ya matibabu ya mama yako."

Mshonaji aliwahi kucheza mpira wa pete, tena mfungaji hodari. Wenzake wa zamani bado walikutana kila Jumapili alasiri katika uwanja wa shule iliyo karibu. Ilimchukua wiki tatu kupiga moyo konde. Jumapili ya nne mumewe alimsukuma mlangoni. "Nenda. Nimepokea," alisema.

Uwanjani miguu ilikuwa mizito. Kila baada ya muda alitupia jicho mkoba wake ukutani. Alikosa mabao ya wazi. "Mikono imeota kutu!" wenzake walimtania.

Kisha simu ikaita.

Aliacha mpira ukidunda. Alikimbia. Mkoba ulikataa kufunguka. Jina kwenye simu lilikuwa la mama. Aliona tena gauni lililolowa jasho.

"Mama? Mama, kuna nini?"

"Mumeo ameunguza maharage," mama alisema. "Sitaki kuyangoja mengine. Nimejikatia mkate nakula na yai. Nimeona nikuambie, usije ukasema sikusema."

Mshonaji aliegemea ukuta.

"Umefanya vizuri, mama."

"Najua. Umefunga mangapi?"

"Hata moja."

"Basi unanipotezea muda kwenye simu kwa nini?" mama alisema, akakata.